Hakuna Mtu Shimoni

Jengo lilikuwa na ghorofa saba na lifti moja, na lifti hiyo ilikuwa na mwenyewe. Simsemi mwenye jengo, ambaye alionekana pale kwa nadra kama nyota ya mchana. Mwenyewe alikuwa fundi: mtu mrefu, mkavu, aliyekula chumvi ya kutosha, na grisi ilikuwa imemwingia hadi kwenye mistari ya viganja, kiasi kwamba mpiga ramli angeweza kumsoma mkono akiwa ng'ambo ya barabara. Ila mpiga ramli asingepewa huo mkono. Fundi hakuamini ramli, wala mizimu, wala kijicho, wala Mungu wa aina yoyote, na jambo hilo hakulificha. Ukimwambia, "Mungu akipenda lifti itapona leo," alikujibu, "Na fundi akiwahi chai."

Watu walimwita Hakuna. Jina hilo lilitoka shimoni.

Lifti, kwa asiyeijua kwa ndani, ni chumba kinachoning'inia katika shimo refu, na shimo hilo halina huruma. Mtu akiwa chini yake na umeme ukawashwa, basi tena. Katika jengo lile la zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kila ilipowashwa lifti ilishuka kwanza hadi chini kabisa, na hapo kati ya tumbo lake na sakafu ya shimo palibaki nafasi ya kuweka ndoo tu. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, kila fundi wa lifti hupaza sauti shimoni ili ahakikishe kwamba hakuna binadamu humo. Huyu wetu alipanda hadi chumba cha mashine, juu ya paa, akainama kwenye tundu linalopitisha kamba za chuma, akasema kwa sauti ya mtu wa mnadani:

"Hakuna mtu."

Halafu akawasha papo hapo.

Sauti ile ilishuka ghorofa kwa ghorofa, ikipita nyuma ya kuta. Makarani waliisikia wakiwa wameinamia kazi zao, na baadhi yao waliacha kuandika kwa kitambo. Ilikuwa kama kuna mtu anatembea ndani ya jengo akifuta majina.

Haikuwasaidia kwamba lifti yenyewe ilikuwa na historia. Miaka ya nyuma, ilipokuwa bado na mlango wa wavu na mkono wa shaba, ilikuwa na mzee wa kuiendesha. Alikaa ndani yake juu ya kistuli tangu asubuhi hadi jioni, na watu walimwita Panda-Shuka. Kidoleni alivaa pete nene, na kila alipotaka kuondoka aligonga nayo ukuta wa lifti mara mbili: ko, ko. Adhuhuri moja lifti ilisimama ghorofa ya sita, na karani aliyekuwa akiingoja akamkuta mzee amekaa kistulini, macho wazi, mkono ukiwa umeinuliwa kwenye ukuta kana kwamba alikuwa karibu kugonga. Alikuwa keshakata roho.

Baadaye vikaja vitufe, na milango ya kujifungua yenyewe, na kistuli kikatupwa. Lakini baadhi ya siku, jua likiwa utosini, lifti iliondoka ilipokuwa ikapanda hadi ghorofa ya sita bila ya mtu kuiita. Milango ikafunguka. Ikakaa wazi. Ikafungwa. Na mara mojamoja, kutoka ndani ya ukuta, kukasikika: ko, ko.

Hapo ndipo jengo zima lilipojitungia mwiko. Ndani ya lifti usipaze sauti. Karibu na milango yake usimwite mtu kwa jina, wala ukiitwa usiitike, maana huwezi kujua nani ameita na nani ataitika. Wa msikitini na wa kanisani, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya siku ya mapumziko, walikubaliana kwa hilo.

"Swichi ya ghorofa ya sita imechoka," fundi aliwaambia. "Joto la mchana likizidi inajibana yenyewe. Na huko kugonga ni reli. Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinajikunja, kikijikunja kinalia. Hata magoti yangu yanalia, mbona hamyakimbii?"

Watu walicheka. Ambacho hakuwaambia ni kwamba swichi hiyo alikwisha kuibadilisha, na ile mpya nayo ikafanya vilevile.

Mlangoni, kwenye meza ya mlinzi, alikaa shemeji yake, kaka wa mkewe: mnene, mcheshi, mtu wa ibada zake, asiyependa ngazi. Wawili hawa walikuwa na ugomvi wao ambao waliutunza kama watu wanavyotunza mmea wa chunguni, kila asubuhi maji kidogo. Shemeji alishikilia kwamba kutoamini kwa fundi nako ni dini. Hakuna neno lililomchoma fundi kama hilo. Ungemwita kafiri, angekupa kiti ukae. Ungemwambia ana dini, chai ingemtoka puani.

"Shemeji," mlinzi alianza asubuhi ile, akimimina chai kwenye kikombe cha mgeni, "mahubiri ya leo saa ngapi?"

"Mahubiri gani tena?"

"Si yale ya juu ya paa. Hakuna mtu, hakuna mtu. Sisi waumini wako tujiandae."

"Hiyo ni kazi. Wewe ukisema 'mgeni andika jina,' unaabudu?"

"Mimi sisemi hivyo pakiwa patupu."

Fundi alipuliza chai. Nje palikuwa na mawingu mazito, na baridi iliingia kila mlango ulipofunguliwa. "Nikuulize. Mtu asiye na gari, utasema ana gari aina ya miguu?"

"Siwezi."

"Basi. Asiye na dini hana dini. Kutokula si aina ya chakula."

"Kutokula si chakula, nakubali," mlinzi alisema taratibu, kama mtu anayeweka kete yake mahali alipopaona tangu jana. "Lakini kufunga ni ibada, shemeji."

Mama Deki, mfagiaji wa jengo, alikuwa akipita na ndoo yake. Alicheka mpaka maji yakamwagika. Jina la Deki lilitokana na kazi. Lile la Mama alilipata kwa sababu alimwita kila mtu mwanangu, hata meneja. Asubuhi ile, hata hivyo, cheko lake lilikatika haraka kuliko kawaida.

"Wewe nawe unacheka nini?" fundi alimwuliza. "Na wewe ni wale wasioitika majina kwenye lifti."

"Mimi sitaki maneno na mtu, fundi. Aliye hai sigombani naye, nitagombana na aliyekufa?"

"Aliyekufa hayupo."

"Basi kama hayupo," mlinzi alidakia, "mbona wewe ndiye pekee jengo zima unayemtangazia kila mara kwamba hayupo? Mimi mwenye jirani aliyehama, sisimami dirishani kila siku nikamwambia ameshahama."

Fundi alinyanyuka. Alikunywa chai iliyobaki akiwa wima, akasema, "Mshahara wako ungelipwa kwa maneno ungekuwa na jengo lako," akauchukua mfuko wake wa vifaa. Mlinzi aliguna akiwa ameridhika. Yeye hakujua kwamba amegusa mahali penye jipu.

Fundi hakuzaliwa na maneno yale mawili. Kazi alijifunza kwa mzee mmoja aliyetengeneza lifti katika miji mingi na aliyejua kutukana kwa lugha nne, ingawa kufundisha alifundisha kwa Kiswahili tu, akisema matusi ni ya chuma na mafundisho ni ya mtu. Mzee huyo alimwinamisha kwenye tundu la kamba siku ya kwanza akamwambia: "Uliza, kuna mtu? Halafu nyamaza. Nyamaza mpaka uisikie damu yako masikioni. Ukiisikia damu yako, umengoja vya kutosha. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuuliza ukaondoka kabla hujajibiwa."

Alifanya hivyo kwa sehemu kubwa ya ujana wake. Aliuliza, akanyamaza, akaisikia damu, akawasha. Wakati huo hakuwa muumini pia. Alikuwa ameacha kusali kama mtu anavyoacha kuvaa shati lisilomtosha, bila kelele. Hakuna aliyemwita Hakuna, na wala hakubishana na yeyote.

Kisha mzee Panda-Shuka akafa. Muda mfupi baadaye fundi alikuwa peke yake juu ya paa, ameuliza, amenyamaza, na kabla ya kuisikia damu yake alisikia, karibu sana, kama kwenye upande wa pili wa ubao: ko, ko.

Alishuka ngazi siku hiyo akiwa amelowa jasho mgongo mzima. Alijikalisha kwenye ngazi za ghorofa ya nne akafikiri kama fundi, akaja na jibu: reli. Lilikuwa jibu zuri, na huenda lilikuwa la kweli. Lakini tangu hapo aliacha kuuliza. Alianza kusema. Aliyesema hakuhitaji kungoja, na asiyengoja hakusikia kitu. Kutoka kwenye maneno yale mawili yakaota mengine: hakuna mzimu, hakuna bahati, hakuna Mungu, yakisemwa kwa sauti, mezani, sokoni, msibani. Mkewe, mwanamke wa sala zake tano sita kwa siku kutegemea amemkasirikia nani, hakumlazimisha kamwe. "Endelea tu," alimwambia. "Ila usipaze sauti ninapoomba. Nyumba moja haiwezi kuwa na watu wawili wanaoongea peke yao."

Asubuhi ile kazi ilikuwa ya chini. Tangu jana jioni fundi alikuwa ameizima lifti na kuiacha imening'inia ghorofa ya sita ili aweze kubadilisha springi zilizo kwenye sakafu ya shimo. Huko huingiwa kupitia kijimlango cha chuma kilichopo katika orofa ya chini ya ardhi, kando ya bomba ambapo Mama Deki hujazia ndoo zake. Alifunga springi mpya, akazikaza, akapangusa mikono, akatoka. Kufuli la kijimlango hicho lilikuwa limevunjikiwa ufunguo wiki hiyo. Lile jingine lilikuwa juu ya paa, limefunga swichi kuu, kwa sababu fundi mwenye akili haingii shimoni mpaka awe ameifunga swichi kwa kufuli lake na ufunguo uko mfukoni mwake. Kwa hiyo kijimlango alikifunga kwa waya, akausokota mara kadhaa. Akaanza kupanda ngazi.

Asichokijua ni hiki. Jana mchana Mama Deki aliangusha shada lake la funguo, funguo za ofisi zote, likapenya kwenye ufa ulio kati ya sakafu na lifti likatumbukia shimoni. Hakumwambia mtu. Meneja alikuwa mtu wa kufukuza kwanza na kuuliza baadaye, na fundi angemcheka hadi mwaka uishe. Basi alipomwona fundi anapanda, alishuka na ndoo yake, akausokotoa ule waya, akaingia. Kijimlango kile kina bawaba za kujirudisha. Kilijirudisha nyuma yake, klak, na kwa ndani hakikuwa na kitasa, kilikatika zamani. Mama Deki akabaki gizani, miguu kwenye grisi, na juu yake, mbali sana, mstari mwembamba wa mwanga kuzunguka tumbo la lifti.

Hakuita. Jengo zima lilikuwa limemfundisha kutoita. Alijiambia kwamba fundi atarudi kuchukua kitu, mafundi daima husahau kitu, na hapo yeye Mama Deki atamgongea mlango kwa adabu. Alikaa juu ya springi mpya akayakumbatia magoti.

Huko juu fundi alipumzika kidogo ghorofa ya sita. Ofisi zilizoko huko zilikuwa tupu tangu mpangaji wa mwisho alipohama. Pazia moja lilibaki dirishani, likicheza na upepo. Milango ya lifti ilikuwa imefungwa, na nyuma yake lifti ilikuwa inangoja. Alipita mbele yake akajikuta anatembea upande wa ukuta wa pili. Alikereka, akarudi akatembea katikati ya ukumbi, peke yake, kama mtu anayetazamwa.

Chumba cha mashine kilikuwa na harufu yake ya siku zote, mafuta na vumbi lililoungua. Alitoa ufunguo, akafungua kufuli, akalining'iniza kwenye msumari. Mkono wa kushoto ukashika swichi. Akainama kwenye tundu la kamba.

"Hakuna mtu," alisema.

Sauti ikashuka. Mkono ulikuwa tayari umeanza kubonyeza.

Ko, ko.

Haikutoka mbali. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amejizoeza kuwasha kabla ya hapo, ili mngurumo wa mota umeze chochote kinachofuata, na mkono wake ulijua kazi hiyo bila ya kuambiwa. Leo ulichelewa. Labda ni zile ngazi, labda ni maneno ya shemeji yake yaliyokuwa bado yamemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Ulichelewa, naye akasikia.

Reli, alijiambia. Chuma kimepata moto.

Lakini fundi ni fundi. Hata alipokuwa akijidanganya, sehemu fulani ya kichwa chake iliendelea kufanya kazi. Moto wa wapi? Nje kulikuwa na mawingu tangu alfajiri. Lifti haikuwa imesogea tangu jana. Alinyoosha mkono, akagusa reli pale inapochomoza kwenye sakafu ya chumba kile. Ilikuwa baridi kama uso wa maiti.

Jibu lake, lile alilolilea tangu ujana, alilowagawia watu bure mlangoni kila asubuhi, halikuwa na kazi leo. Na lilipoondoka hakuna kilichobaki mahali pake. Palikuwa na tundu, kamba, na giza.

Hofu yake haikuwa ya kukimbia. Ilikuwa hofu ya kuwasha. Kila kidole kilimwambia bonyeza, fundi, piga kelele, mota ingurume, uende nyumbani. Alihisi kwamba akibonyeza mara hii atakuwa amesema hakuna mtu kwa maisha yake yote yaliyobaki, na hatakuwa amejua. Na mtu anayesema jambo miaka na miaka bila ya kutaka kujua, huyo anaitwaje? Alimwona shemeji yake akiweka kete taratibu.

Akautoa mkono kwenye swichi. Akaufunga ndani ya kwapa. Akainama hadi paji la uso likagusa ubao, na kwa sauti ambayo hakuitambua, sauti ya kijana, akasema:

"Kuna mtu?"

Akanyamaza.

Jengo lilikuwa na kelele zake: taipu mahali fulani, mlango, kikohozi. Moja baada ya nyingine zikazama. Kamba zikalia kidogo. Pazia la ghorofa ya sita lilipiga dirisha. Akangoja, naye hakuwa amengoja hivi tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Hatimaye akaanza kuisikia damu yake, dum, dum, na kati ya dum moja na nyingine, kutoka chini kabisa, sauti ndogo kama ya mtoto aliyeamshwa:

"Nipo."

Kwa muda mfupi fundi Hakuna aliamini kila kitu. Aliamini kistuli, pete, macho yaliyobaki wazi, aliamini hata yale ambayo wenye dini hawakuwa wamefika kuyaamini. Mkono ulitoka kwapani wenyewe ukarudi kwenye swichi, kuizima sauti ile kwa mngurumo. Mkono huo ulibaki hapo. Baadaye hakuweza kueleza nini kiliuzuia, isipokuwa kwamba aliyeuliza ni yeye, na haikuwa adabu kumwuliza mtu kisha kumkatiza.

"Wewe nani?"

"Mimi, fundi. Mama Deki. Niko huku chini kwenye springi zako."

Alikaa chini, palepale sakafuni. Kisha akainuka, akaifunga swichi kwa kufuli, akalivuta kufuli mara mbili, akatia ufunguo mfukoni, akaanza kushuka ngazi akishikilia ukuta.

Ukumbi wa chini ulikuwa mtupu. Meza ya mlinzi ilikuwa na kikombe kinachofuka moshi na kiti kilichoanguka chali. Sauti ya "nipo" ilikuwa imepita nyuma ya kuta za ghorofa zote, na kila mmoja aliyeisikia alijua ni nani aliyeitika. Wafanyakazi walikuwa wamejaa barabarani, wengine na kalamu mikononi, wengine wakiomba kwa namna mbili tofauti wakiwa wamebanana bega kwa bega. Shemeji yake alikuwa mbele ya wote, jambo la kushangaza kwa mtu mwenye kitambi kile.

"Kuna mtu shimoni," fundi aliwaambia kutoka mlangoni.

"Tunajua," mlinzi alisema. "Ndiyo maana tuko huku."

"Ni Mama Deki."

Mlinzi alitazama chini, akatazama viatu vyake, akaja. Walishuka wawili wakafungua kijimlango. Mama Deki alikuwa ameketi vilevile, mikono imezunguka magoti, grisi usoni. Walimtoa kwa kumshika makwapa. Shemeji alimvisha koti lake la ulinzi, lenye vifungo vya shaba.

"Ungeita, mama," fundi alimwambia, naye mwenyewe alikuwa bado anahema. "Ungepiga hata ukelele mmoja. Mimi nilikuwa nimeshika swichi. Unajua maana yake? Ingeshuka."

"Nilitaka kuita. Nilikusikia umefika juu, nikasema acha mwiko, mwiko haunipi ugali. Nikavuta pumzi niite. Ndipo ukasema hakuna mtu." Alijifuta uso kwa koti la mlinzi, akaipaka shaba grisi. "Ulivyosema vile, mwanangu, kule gizani, ikawa kweli. Nilijitafuta sauti sikuiona. Nilijigusa mguu sikujua ni wa nani. Mpaka uliponiuliza."

Fundi hakuweza kumtazama. "Bahati uligonga reli," alisema. "Usingegonga nisingeuliza."

Mama Deki alimtazama mlinzi, kisha yeye.

"Sikugonga kitu."

"Kwa funguo zako. Mara mbili."

"Funguo sijaziona, ziko kulekule kwenye grisi. Na mikono yangu nilikuwa nimeifumbata, hivi. Sikuikunjua mpaka mlipofungua." Aliionyesha. Vidole vilikuwa bado vimekunjana, na kucha zilikuwa zimeacha alama kwenye ngozi ya mikono yote miwili.

Walisimama watatu kando ya bomba, maji yakidondoka ndani ya ndoo. Mlinzi alifumbua mdomo. Ilikuwa nafasi yake, ya asubuhi zote zile, imeletwa kwenye sinia. Alimwangalia shemeji yake aliyekuwa ameegemea ukuta, akaufumba.

Funguo fundi alizitoa mwenyewe mchana uleule, akazisafisha kwa mafuta ya taa, meneja asijue. Aliipima reli yote, kutoka chini hadi juu, kipande kwa kipande, akitafuta msumari uliolegea, bawaba, panya, chochote. Alitafuta kwa moyo wote, na alitaka sana kukipata. Hakukipata, wala hakusema kwamba kwa kuwa hakukipata basi ni fulani. Alisema sijui. Neno hilo halikuwahi kukaa vizuri mdomoni mwake, na alilirudia mara kadhaa kama mtu anayejaribu meno ya bandia.

Jina la Hakuna lilimwisha polepole, kwa sababu makarani hawakuisikia tena ile sauti ya mnada. Walichosikia nyuma ya kuta ni swali, kisha kimya kirefu, na wote walijikuta wakinyamaza nacho mpaka mota ingurume.

"Watu wanasema umeongoka," shemeji alimwambia siku moja juu ya chai, bila ya utani mwingi.

"Sijaongoka. Sala siijui na simwoni wa kumwomba."

"Ila unauliza na kungoja. Mimi nami ndivyo nifanyavyo."

"Wewe unangoja ujibiwe, shemeji. Mimi nangoja nisijibiwe."

"Na ukijibiwa?"

"Nitazima umeme."

Mlinzi alicheka, na fundi naye, lakini neno dini halikutajwa, na baadaye fundi aligundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akilingojea. Nyumbani pia alianza kumsikiliza mkewe chumba cha pili. Maneno hakuyajali. Alisikiliza pale maneno yanapokwisha na mke bado hajasimama. Kimya kile alikifahamu urefu wake. Hakumwuliza.

Haukupita muda, adhuhuri ya jua kali, alikuwa ghorofa ya sita akikaza taa ya ukumbini. Alisikia kamba zikisogea. Lifti ilipanda bila ya mtu kuiita, ikafika, milango ikafunguka. Ndani palikuwa na taa yake nyeupe na kioo chenye ufa, na sakafuni alama ya mviringo, nyeupe kuliko kwingine, pale kilipokaa kistuli miaka ile.

Fundi alishuka kwenye ngazi yake, akafuta mikono.

"Kuna mtu?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama unavyobisha hodi penye mgonjwa.

Akangoja. Damu ilipita masikioni, ikaja, ikapita. Milango hukaa wazi kwa muda ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeupanga. Muda huo ukafika, ukapita, nayo haikufungwa.

Alikuwa na safari ya kwenda chini, na mfuko wa vifaa ni mzito. Aliuokota, akaingia, akageukia mlango. Kisha akasogea upande mmoja, hadi bega likagusa ukuta, kama mtu anayempisha mwenzake asimame.

Milango ikafungwa.